Je, Gari Lililochakaa Linastahili Jasho Letu?

Mtu akitumia miezi 19, pamoja na fedha za mahindi na za ng'ombe mmoja, kutengeneza gari lililoundwa Japani miaka 40 iliyopita, je, ameitunza mali ya Mungu au ameipoteza? Swali hili tuliulizwa na majirani na washarika wenzetu. Sisi wenyewe, mume na mke, tuliulizana usiku baada ya watoto kulala. Hatulileti hapa kwa sababu magari ni jambo kubwa katika imani. Tunalileta kwa sababu karibu kila nyumba ya Mbulu na Hanang ina kitu chake kilichochakaa: trekta lililosimama uani tangu babu afariki, mashine ya kusaga isiyowaka, cherehani yenye kutu, hata paa la kanisa la mtaa linalovuja. Mbele ya kila kimoja mtu huamua: nikitengeneze, nikiuze, au nikiache kioze? Tumeona kwamba uamuzi huo una mizizi katika yale tunayoyaamini juu ya Mungu, jirani na mali.

Waliotupinga walikuwa na hoja mbili, na zote zilitoka kwa watu wenye hekima. Hoja ya kwanza ilikuwa ya upotevu. Walisema kuna ada za shule, kuna mbolea ya kununua, kuna wajane katika mtaa wetu. Fedha inayoingia katika chuma kibovu imeondolewa midomoni mwa watu. Hoja ya pili ilikuwa ya moyo. Walitukumbusha kwamba Bwana Yesu mwenyewe, katika Mathayo sura ya 6, aliitaja kutu kwa jina, akaonya juu ya hazina inayoliwa nayo. Kwa nini Mkristo apigane na kutu, wakati Bwana wake amekwisha kumwambia kwamba hazina ya duniani huishia huko? Hatukuweza kuzipuuza hoja hizi, na hata leo hatuzipuuzi.

Kwanza tulieleze gari lenyewe. Ni Toyota Corolla ya mwaka 1983, ile yenye mgongo mrefu ambayo watu huiita stesheni wagoni. Corolla zilianza kuundwa mwaka 1966, na kizazi hiki cha nne kilitoka mwaka 1979. Hata baada ya zile za kawaida kupewa umbo jipya, hizi za mgongo mrefu ziliendelea kuundwa hadi mwaka 1987. Injini yake ni ya aina ya 4K, silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 1,290, yenye kabureta na isiyo na kompyuta yoyote. Nguvu huenda kwenye magurudumu ya nyuma, na uzito wa nyuma hubebwa na springi za bapa kama za lori. Kwa mtu mwenye spana, subira na mwanga wa mchana, ni gari linaloeleweka.

Lilikuwa la baba mkubwa. Yeye alikuwa fundi wa matrekta katika mashamba ya ngano ya Basotu, yale ya serikali yaliyoanza kwa msaada wa Kanada mwaka 1970. Alilinunua mkono wa pili mjini Arusha mwaka 1991, wakati Manyara bado ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha. Wakati huo, upande ule wa Hanang, mgonjwa aliyezidiwa usiku alipaswa kupelekwa Haydom, kwenye hospitali ya Walutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, na magari yalikuwa ya kuhesabu. Akikunja kiti cha nyuma, mgonjwa alilala chali. Gari lile lilibeba akina mama wenye uchungu, wazee wenye homa ya mapafu, kwaya, mifuko ya mbolea, na mara nyingine jeneza. Baba mkubwa alipofariki mwaka 2014, likabaki chini ya mgrevilea. Panya wakala nyaya, maji ya mvua yakaozesha sakafu, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alitoa shilingi 500,000 kwa gari zima. Baadhi ya ndugu zetu walitaka auziwe, na hawakuwa na nia mbaya. Mama mkubwa akakataa. Tulipomwendea, tukamwamkia, tukaeleza kwamba tungependa kulichukua na kulitengeneza nyumbani kwetu upande wa Mbulu, alikubali kwa sharti moja. Alisema, "Wanangu, siwapi. Nawaazima. Na likiamka, mjue ni la nani."

Neno hilo la kuazima ndilo tunalotaka kulitafakari na msomaji, kwa kuwa lilitusaidia kulijibu swali letu zaidi ya hesabu zote tulizopiga.

Hesabu tulizipiga, na ni wajibu. Bwana alifundisha katika Luka 14 kwamba anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza chini na kuhesabu gharama. Matengenezo yalitugharimu zaidi ya shilingi milioni 4, yaliyolipwa kidogo kidogo. Gari dogo la mkono wa pili kutoka nje lingetugharimu mara tatu ya hapo, kwa mkupuo mmoja ambao hatukuwa nao. Spea hazikuwa tatizo kubwa tulilolitarajia, kwa maana injini za jamii ya K zilifungwa pia kwenye Toyota LiteAce, na vipuri vyake bado vinapatikana Arusha. Basi kwa daftari peke yake, kazi ilikuwa inawezekana. Lakini daftari huonyesha kama jambo linawezekana tu. Kama ni jema, hilo ni la kutafuta mahali pengine.

Tulipatafuta katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 6. Wana wa manabii wanakata miti kando ya Yordani. Shoka la mmoja wao linachomoka mpini na kuzama majini. Analia mbele ya Elisha, na sababu ya kilio chake si kwamba kazi imesimama. Analia kwa kuwa shoka lile lilikuwa la kuazima. Mungu, aliyeumba mbingu na nchi, anafanya muujiza kwa ajili ya kipande cha chuma, kusudi mtu maskini aweze kurudisha cha mwenyewe. Tena sheria ya Musa, katika Kutoka 22, inamtaka aliyeazima mnyama amlipe mwenyewe, mnyama huyo akiumia au kufa pasipo mwenye mali kuwapo. Biblia haikichukulii kitu cha kuazima kama kitu kidogo, kwa sababu nyuma yake daima kuna mtu.

Wazee wa nchi hii walilijua jambo hili kabla injili haijafika. Kwa Wairaqw na kwa Wadatoga pia, mtu mwenye ng'ombe wengi huweka baadhi yao kwa jirani au rafiki. Anayemtunza hunywa maziwa na kutumia samadi shambani, ila ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Mtunzaji asiyemtibu ng'ombe anayeumwa, kwa kuwa si wake, huvunja heshima yake mwenyewe, na hakuna atakayemwekea tena. Tazameni pia mashamba ya milimani Kainam. Ardhi ile imelimwa vizazi kwa vizazi na bado inazaa, kwa sababu watu walirudisha samadi, walitengeneza matuta na mifereji, wakaziba kila mmomonyoko ulipoanza. Kila mlimaji aliipokea ardhi ikiwa imetunzwa na mtu aliyemtangulia, akaitunza kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa.

Kama nchi na vyote viijazavyo ni vya Bwana, kama Zaburi ya 24 inavyokiri, basi hakuna chombo chochote mikononi mwetu kisicho cha kuazima. Hapo ndipo jibu letu lilipoanza kuonekana. Mtu anayetengeneza kitu kwa sababu ni chake na anakipenda, anakaribia ile hazina ya kutu aliyoionya Bwana. Mtu anayetengeneza kitu kwa sababu si chake, na kuna mwingine atakayekihitaji, anafanya kazi ya uwakili. Kazi ya mikono ni ileile, na kutu ni ileile. Tofauti ni jibu la mama mkubwa: ni la nani?

Jibu hilo lilitudai mambo kadhaa, na la kwanza lilikuwa ukweli. Tulipolifikisha gari nyumbani, tulipiga msasa kwenye vizingiti vya milango, na chuma kikabomoka kama mkate mkavu. Mtu mmoja mzoefu alituambia kazi hiyo ni ya siku mbili tu: jaza puti, piga rangi, kisha muuzie mtu wa mbali. Gari lingeng'aa. Nasi tukakumbuka Ezekieli 13, ambako Bwana anawakemea manabii wanaopaka chokaa juu ya ukuta dhaifu na kuwaambia watu kwamba kuna amani. Mvua ikija, ukuta huanguka juu ya walioamini chokaa. Kwa hiyo tulikata kila mahali palipooza mpaka tukafikia chuma kizima, tukachomelea bamba jipya. Tulikata zaidi ya tulivyotarajia, na kwa miezi miwili gari lilionekana bovu kuliko siku tulipolichukua.

Wapendwa, wengi wetu hukata tamaa ya toba hapohapo. Mtu akianza kusema kweli nyumbani kwake, juu ya deni alilolificha au pombe aliyoikana, hali huonekana mbaya zaidi kwa muda. Familia husema, "Heri tungeacha mambo yalivyokuwa." Lakini yalivyokuwa ilikuwa puti. Sakichi Toyoda, baba wa mtu aliyeanzisha kampuni ya magari ya Toyota, alikuwa mtengenezaji wa mitambo ya kufuma nguo. Mtambo wake maarufu wa mwaka 1924 ulisimama wenyewe mara uzi ulipokatika, ili kosa lionekane na kurekebishwa pale pale, lisiendelee ndani ya kitambaa chote. Hatusemi kwamba mtambo unatufundisha wokovu. Tunasema tu kwamba hata mfumaji alitambua faida ya kusimama mapema, nasi katika usharika mara nyingi huendelea kufuma.

Jambo la pili tulilodaiwa lilikuwa gumu kuliko kutu. Mwishoni mwa Novemba 2023 tulikuwa tumeweka shilingi 1,200,000 kwa ajili ya injini: kuchonga silinda, kununua pistoni na ringi zake, beringi na gasketi. Fundi wa Arusha alikuwa akitungoja. Alfajiri ya Jumapili ya tarehe 3 Desemba, Jumapili ya kwanza ya Majilio, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh, Jorodom, Gendabi na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wengi wakabaki bila nyumba, bila nguo, bila sufuria ya kupikia uji. Sharika zikaanza kukusanya michango.

Usiku ule hatukukubaliana. Mmoja wetu alisema fedha ya injini iende Katesh yote, kwa kuwa hatuwezi kuomba mbele ya gari wakati watu wanachimbua ndugu zao kwenye matope. Mwingine akasema ahadi kwa mama mkubwa nayo ni ahadi, na kwamba gari zima ndilo lingekuwa msaada wakati kama huu. Tukila mbegu leo, kesho tutapanda nini? Akataja habari ya Marko 14, yule mwanamke aliyempaka Bwana marhamu ya thamani ya zaidi ya dinari 300. Waliokuwapo walinung'unika kwamba ingeuzwa na fedha kupewa maskini, na Bwana akamtetea mwanamke.

Tuliisoma habari ile pamoja, polepole, na tukaona mambo mawili. La kwanza, Bwana aliposema kwamba maskini wapo siku zote, aligusa maneno ya Kumbukumbu la Torati 15, na mahali pale maneno hayo yanaishia katika amri ya kufungua mkono. Aliyetaka kuyatumia kufunga mkono ameyageuza. La pili, marhamu ile ilimwagwa juu ya mtu. Haikumwagwa juu ya chombo. Mwanamke yule alimpa mtu aliyekuwa mbele yake, anayekaribia kufa, kile alichokuwa nacho. Basi habari hiyo haiwezi kulitetea gari mbele ya mtu aliyepoteza nyumba. Ikimtetea mtu yeyote, inamtetea yule wa Katesh.

Fedha ile ikaenda Hanang, na gari likakaa juu ya magogo hadi mavuno ya mwaka uliofuata. Hatuyaandiki haya kutafuta sifa, kwa maana wapo waliotoa ng'ombe wao wa pekee. Tunayaandika kwa sababu tulijifunza utaratibu unaotuongoza hata sasa: mtu aliye mbele yako leo hutangulia, kisha chombo kwa ajili ya mtu wa kesho. Wala mmoja hamfuti mwingine. Kama haja ya leo ingefuta kila matengenezo, basi hospitali isingepakwa rangi, daraja lisingejengwa, na mbegu isingewekwa ghalani, kwa sababu hakuna siku isiyo na mwenye njaa. Na kama chombo kingetangulia daima, tungekuwa na magari mazima na majirani waliozikwa. Yule kati yetu aliyesema tusile mbegu alikuwa ameshika ukweli. Mavuno yalipokuja mwezi Julai 2024, tuliuza mahindi, tukaongeza ng'ombe mmoja, na injini ikaenda Arusha. Kungoja hakukuwa kuacha.

Jambo la tatu lilihusu watu walioshika spana pamoja nasi. Kazi nyingi tulizifanya wenyewe: kusafisha kabureta, kufumua breki, kubadilisha bushi, kupiga msasa jioni baada ya shamba. Lakini kuchomelea, umeme na kuchonga silinda viliwataka mafundi. Katika nchi yetu fundi husifiwa kwa mdomo na kudharauliwa kwa malipo. Dharau hii ina historia. Kando ya Ziwa Eyasi wapo wahunzi wa Kidatoga, ambao huyeyusha vipande vya shaba na chuma chakavu na kuvifanya bangili na ncha za mishale. Watu wote wametumia kazi ya mikono yao, lakini kwa desturi ya zamani wahunzi hao walitengwa, na koo nyingine hazikutaka kuoana nao. Na sisi Wakristo tunao uhunzi wetu wa kutengwa: tunamwita fundi mwizi kabla hajafungua boneti, kisha tunampunguzia malipo tuliyokubaliana.

Maandiko yanasema vingine. Katika Kutoka 31, Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu, na kazi anayopewa ni ya kuchora, kuchonga na kufua madini. Katika 2 Wafalme 12, Yehoyada kuhani anatoboa kasha ili fedha za kutengeneza hekalu zikusanywe, na wanaokabidhiwa fedha hizo ili wawalipe mafundi hawadaiwi hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Hapo pana pande mbili. Fundi awe mwaminifu kiasi cha kuaminiwa, na mwenye kazi awe mwaminifu kiasi cha kulipa kabla jua halijatua, kama Kumbukumbu 24 inavyoagiza. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kama fedha ya wiki haipo, kazi ya wiki hiyo haifanyiki. Ilituchelewesha, lakini hakuna mtu ambaye jasho lake limefungwa ndani ya gari lile bila malipo.

Gari lilipowaka mwezi Novemba 2024, vijana wa usharika walituuliza swali zuri katika kipindi cha Biblia. Sakafu ni mpya, vizingiti ni vipya, nyaya ni mpya, pistoni ni mpya, rejeta imetoka kwenye gari jingine. Je, bado ni gari la baba mkubwa? Wanafalsafa wa Ugiriki waliuliza hivyohivyo zamani kuhusu meli iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja. Hatukuwa na jibu la kitaalamu. Tulilipeleka gari kwa mama mkubwa, naye hakuuliza ni vipande vingapi vya zamani vilivyobaki. Aliuliza, "Kiti cha nyuma kinakunjika? Mgonjwa analala?" Tulipomwonyesha kwamba kinakunjika, alisema ndilo lenyewe. Kwake gari lile lilijulikana kwa kazi yake. Hapo tukaelewa kwamba aliposema tujue ni la nani, hakuwa anadai kuwa ni lake. Alikuwa akituambia kwamba ni la mgonjwa anayefuata.

Hilo pia linajibu hoja ya pili ya wenzetu, ile ya moyo ulioshikwa na vya dunia. Wapo waliodhani tunamtafuta baba mkubwa ndani ya gari lake. Hofu yao ilikuwa halali. Mwenye huzuni anaweza kuvifanya vitu vya marehemu kuwa madhabahu: chumba hakifunguliwi, shuka haifuliwi, gari linapakwa mafuta wala haliendeshwi. Kutengeneza chuma si ufufuo. Baba mkubwa amelala akingoja siku ya Bwana, na hakuna spana inayofika huko. Kilichoweza kurudi ni kazi aliyoianza. Tukikitumia kitu chake kuwasaidia watu aliowapenda, tumemheshimu. Tukikifungia ili tukitazame, tumeiba kutoka kwa wagonjwa aliowabeba.

Ni lazima pia tuseme mipaka, kwa sababu mfano wa kutengeneza ukivutwa mno huumiza watu. Si kila kitu kinafaa kutengenezwa. Kitu kikila ada ya mtoto mwaka hadi mwaka, kiuzwe. Kitu kisichoweza kuwa salama, usukani wake na breki zake, kisirudi barabarani hata kama kinang'aa. Na mtu si gari. Tumesikia mwanamke anayepigwa nyumbani kwake akiambiwa na watu wa kanisa avumilie, kwa kuwa ndoa hutengenezwa, haitupwi. Yeyote aliyeshuka mlima wa Magara anajua kwamba gari lililokatika breki halitengenezwi likiwa linateremka. Kwanza lisimame, watu watoke, majeruhi watibiwe. Kama kutakuwa na matengenezo, hayo huja baadaye, na huanza kwa aliyevunja kukubali kukatwa kutu yake. Kumwambia aliyeumizwa akae ndani ya gari linaloanguka si imani.

Sasa gari linalala nyumbani kwetu, na ufunguo wake umetundikwa mahali ambapo wote wawili tunaweza kuufikia gizani. Nyumba yenye mgonjwa huchangia mafuta ikiwa inaweza. Isiyoweza hubebwa vilevile. Siku nyingine hubeba mahindi, watoto wa shule ya Jumapili, na mara moja mbuzi watatu waliotuachia harufu ya wiki nzima. Tumewaambia watoto wetu kwamba hatutawarithisha. Tutawaazima, kwa sharti lilelile la bibi yao.

Kwa msomaji aliye na kitu kilichochakaa uani kwake, tunapendekeza maswali manne yaliyotusaidia. Kikitengenezwa, kitamtumikia nani? Je, yupo mtu mbele yangu leo ambaye haja yake haiwezi kungoja? Je, niko tayari kukata kilichooza, au natafuta puti? Na mikono itakayonisaidia, nitailipa kwa wakati? Tuyajibu mbele za Mungu, pamoja na wale tunaoishi nao, tena ikiwezekana pamoja na yule atakayekitumia kitu hicho. Kisha tutengeneze, tuuze au tuache, kwa dhamiri safi. Bwana mwenye mali yote atupe hekima ya kuchagua na mikono ya kuitenda kazi yake.